Bure, Huru, na Herufi za Rangi Saba

Chukua bango lolote la Nairobi: la krusedi ya Jumapili, la DJ wa Ijumaa, la mgombea wa udiwani, la keja inayokodishwa kule Rongai. Zitazame zile herufi kubwa za juu. Mara nyingi hazina rangi moja. Zinaanza manjano chini, zikipanda zinageuka rangi ya chungwa, na zikifika juu zimeshakuwa nyekundu kama kaa la moto. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole na kusema, hapa ndipo manjano imeishia.

Watu wa dizaini huiita gradienti. Mwalimu wako wa hesabu angeiita mteremko, na neno lake nalipenda zaidi, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi: rangi inateremka kutoka thamani moja hadi nyingine, hatua kwa hatua, bila kuruka ngazi. Basi hapa tutasema mteremko wa rangi.

Leo kutia mteremko ndani ya neno ni kazi ya sekunde kumi kwa mtu yeyote mwenye kompyuta, hata ile mkweche ya saiba. Ndiyo maana tunauchukulia poa. Lakini kwa muda mrefu mteremko ulikuwa na lango, na langoni kulikuwa na mlinzi. Wakati mwingine mlinzi alikuwa ufundi wa miaka mingi. Wakati mwingine alikuwa bei ya mashine, au leseni. Lango hilo lilifunguliwa miaka ya 1990 na watu tunaoweza kuwataja kwa majina, kupitia programu ambayo wengi wetu tuliizoea kama ya watu wasio na pesa: GIMP.

Mkono na kitambaa

Tuanzie Japani ya karne ya 19. Ukitazama picha za Utagawa Hiroshige, hasa mfululizo wake wa mandhari mia moja za Edo uliochapishwa kati ya 1856 na 1858, utaona anga zenye bluu nzito juu kabisa inayofifia hadi kuwa nyeupe karibu na upeo wa macho. Wajapani huuita ufundi huo bokashi. Picha ilichapwa kwa ubao uliochongwa. Mchapaji aliulowesha ubao, akapaka wino, kisha akaupangusa ili wino uwe mzito upande mmoja na mwepesi upande mwingine. Halafu akabana karatasi. Karatasi iliyofuata, alianza upya. Kila nakala ilikuwa na mteremko wake, umefanywa kwa mkono, na mkono huo ulichukua miaka kujifunza. Jina la Hiroshige tunalijua. Majina ya wengi wa wale waliopangusa ubao hatuna.

Huko Rixheim, katika jimbo la Alsace nchini Ufaransa, kiwanda cha Jean Zuber kilijipatia sifa katika miaka ya 1820 kwa karatasi za ukutani ambazo rangi zake ziliyeyukiana kama upinde wa mvua. Rangi zilipangwa kando kwa kando, zikapakwa kwa namna ambayo kingo zake ziliingiliana kabla hazijakauka. Zilikuwa karatasi za nyumba za wenye nazo. Maskini hakuwa na ukuta wa kuteremshia rangi.

Kisha mashine za chapa zikaleta ujanja wao. Mashine ina birika refu la wino. Badala ya kulijaza wino mmoja, mchapaji anaweka bluu mwisho huu na nyekundu mwisho ule. Roli zinapozunguka, zinasogea pia kidogo kulia na kushoto, na pale katikati bluu na nyekundu zinachanganyika kuwa zambarau. Asubuhi zambarau ni ukanda mwembamba. Kadiri kazi inavyoendelea inazidi kutanuka, mpaka mchapaji asimamishe mashine, aoshe roli, aanze tena.

Ujanja huo uliishi maisha mawili yasiyofanana hata kidogo. Wa kwanza ni wa serikali. Noti nyingi duniani zina mandhari ya nyuma ambamo mistari myembamba inabadilika rangi taratibu bila kukatika, kwa sababu mteremko uliochapwa hivyo ni mgumu kuigwa na mtu mwenye mashine ya kawaida. Yaani mteremko ulifanywa polisi. Maisha ya pili ni ya mtaani. Huko Los Angeles, kampuni ya Colby Poster Printing iliyoanza miaka ya 1940 ilichapa mabango ya bei nafuu ya matamasha, ya wanasiasa na ya sherehe za mitaani: herufi nene nyeusi juu ya waridi, manjano na kijani kali zilizoyeyukiana. Ukiendesha gari jijini humo ungeyaona kwenye nguzo. Kampuni ilifunga milango mwishoni mwa 2012. Kufikia hapo mabango yake yalikuwa yanatundikwa kwenye nyumba za sanaa.

Sisi pia tulikuwa na mteremko wetu, nao ulikuwa na magurudumu. Ubavuni mwa matatu za Nairobi, mafundi waliandika majina ya nganya kwa rangi ya kupuliza. Siri ya kazi ile si mkebe wa rangi. Siri ni kufunika. Unakata umbo la herufi, unaziba kila kitu kingine kwa tepu na magazeti, kisha unapuliza manjano, na kabla haijatulia unaingiza nyekundu kutoka juu. Rangi inamwagika popote, lakini inabaki ndani ya herufi tu. Likariri hilo la kufunika, kwa sababu tutalikuta tena ndani ya kompyuta, likiwa vilevile.

Na hapa kwetu lango lilikuwa sheria. Kanuni ambazo kila mtu anazijua kwa jina la waziri John Michuki zilianza kutekelezwa Februari 2004. Zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni, na pamoja na hayo michoro ya matatu ikawa kosa. Ilibidi isubiriwe hadi mwishoni mwa 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliposema wazi kwamba vijana waachwe wachore. Kwa miaka kumi, fundi wa mteremko alifanya kazi akitupa jicho barabarani.

Wanafunzi wawili wa Berkeley

Turudi nyuma kidogo, hadi 1990. Mwaka huo ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, waliona programu yao ya Photoshop ikitolewa na kampuni ya Adobe kwa kompyuta za Macintosh. Kwa mara ya kwanza mtu aliyeketi peke yake mezani aliweza kufanya kile kilichohitaji birika la wino na roli. Lakini programu iliuzwa kwa mamia ya dola, na kompyuta ya kuiendesha kwa maelfu. Lango lilihama kutoka kiwandani hadi dukani. Bado lilikuwa lango.

Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, wanafunzi wawili walioitwa Spencer Kimball na Peter Mattis walikuwa na kazi ya darasani iliyowachosha. Wakaamua kuandika kitu kingine: programu ya kuhariri picha kwa ajili ya kompyuta za Unix, ambazo hazikuwa na kitu cha maana cha aina hiyo kilichokuwa cha bure. Novemba mwaka huo walilitangaza toleo la majaribio hadharani. Mapema 1996 toleo lililoitwa 0.54 likaanza kuzunguka mikononi mwa watu. Walikuwa wanachama wa klabu ya kompyuta ya chuo iliyofupishwa XCF, na mpaka leo ukihifadhi kazi yako ndani ya GIMP, faili inaishia na herufi hizo tatu. Kila bango la krusedi lililotengenezwa kwa GIMP limebeba jina la klabu ya wanafunzi wa Berkeley bila mchungaji kujua.

Tatizo likajitokeza mapema. Vitufe na menyu za GIMP ya kwanza vilitegemea zana iitwayo Motif, na Motif ilikuwa mali ya watu, ya kulipiwa. Programu ilitolewa bure lakini ilisimama juu ya msingi uliofungwa. Mattis akaketi, akaandika zana yake mwenyewe ya vitufe na menyu. Ikaitwa GTK, yaani sanduku la zana la GIMP. Zana hiyo ilikuja kubeba mazingira mazima ya GNOME, ambayo maelfu ya watu wanayaona kila wanapowasha kompyuta ya Linux. Kwa hiyo mtu akikuambia programu ya kurembesha picha ni mchezo wa watoto, mwambie kwamba mfumo mzima wa madirisha ulizaliwa kwa sababu yake.

Mwaka huohuo wa 1996, Larry Ewing, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, aliitumia GIMP 0.54 kumchora Tux, yule pengwini mnene wa Linux. Ukimwangalia vizuri utaona tumbo na mdomo wake vimejaa vivuli vinavyoteremka polepole. Ewing aliruhusu kila mtu amtumie na ambadilishe pengwini huyo, kwa sharti moja: ukiulizwa, taja jina lake na utaje GIMP. Malipo yalikuwa kutajwa.

Mmexico na mteremko

Mteremko wenyewe ndani ya GIMP una mwandishi wake. Federico Mena Quintero, kijana wa Mexico aliyekuwa na anwani yake katika Chuo Kikuu cha Taifa cha nchi hiyo, UNAM, ndiye aliyeandika kihariri cha miteremko. Jina lake lipo juu ya faili ile ya msimbo, na miaka 1996 na 1997 pembeni yake. Mwezi Agosti 1997 yeye na Mmexico mwenzake, Miguel de Icaza, walianzisha GNOME, juu ya zana ileile ya Mattis. Angalia njia kazi hiyo ilivyopita: kutoka California hadi Jiji la Mexico, bila kampuni, bila mkataba, bila mtu kuomba viza.

Kihariri chake kilikuwa na akili. Mteremko aliugawa vipande. Kila kipande kina mwanzo, katikati na mwisho, na ile katikati unaweza kuisogeza. Ukiivuta kushoto, rangi ya pili inavamia mapema. Ukiivuta kulia, rangi ya kwanza inang'ang'ania. Kisha unachagua namna ya kuteremka: mstari ulionyooka, mviringo, au wimbi linaloanza taratibu, likaharakisha, likatulia tena. Na unachagua njia: upite moja kwa moja kati ya rangi mbili, au uzunguke gurudumu la rangi, kulia au kushoto. Ukitoka nyekundu kwenda bluu kwa njia fupi utapita zambarau. Ukizunguka upande wa pili utapita manjano, kijani na samawati, na neno lako litakuwa upinde wa mvua mzima.

Kilichonivutia zaidi ni mahali miteremko inapohifadhiwa. Ni faili ya maandishi ya kawaida. Ifungue kwa programu yoyote ya kuandikia. Mstari wa kwanza unasema ni mteremko wa GIMP, wa pili una jina, wa tatu idadi ya vipande. Kisha kila kipande kina mstari wake wa nambari: tatu za mahali kilipo, nne za rangi ya mwanzo, nne za rangi ya mwisho, na mbili za namna ya kuteremka. Basi. Yule mchapaji wa Edo aliyejifunza kwa miaka mkono wake ushikeje kitambaa, ujuzi wake alikufa nao au alimwachia mwanafunzi mmoja. Hapa ujuzi umeandikwa katika mistari ambayo unaweza kumtumia rafiki kwa WhatsApp.

Kumwaga rangi ndani ya herufi

GIMP 1.0 ilipotoka Juni 1998, haikumwachia anayeanza afikirie sana. Kimball alikuwa ameongeza lugha ndogo ya maagizo iitwayo Script-Fu, na pamoja nayo menyu ya nembo zilizo tayari. Uliandika neno lako, ukachagua fonti, ukabonyeza. Moja ya nembo hizo ilikupa herufi za rangi zilizoyeyushwa pamoja. Nyingine ilikupa chuma kinachong'aa, nyingine mwanga wa kijani kama wa viumbe wa anga za juu. Moja ilizijaza herufi mabaka ya ng'ombe. Sehemu kubwa ya vichwa vya kurasa za mtandao wa miaka ile ilifanana hivyo, na ukicheka leo, kumbuka kwamba kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuona jina lao liking'aa.

Chini ya kitufe kile, kazi ilikuwa ya fundi wa nganya. Unaandika neno, na neno linakaa kwenye tabaka lake kama karatasi ya plastiki juu ya picha. Pale palipo na herufi pana rangi, pengine pote pako wazi, hapana kitu. Unaliambia tabaka lifunge uwazi wake: palipo wazi pabaki wazi, pasiguswe. Hiyo ndiyo tepu na magazeti. Kisha unachukua kifaa cha mteremko, unabonyeza juu ya neno, unavuta mpaka chini, unaachilia. Rangi inamwagika kwenye tabaka lote lakini inaonekana ndani ya herufi tu. Hata ile mipaka laini ya herufi, ambayo ni nusu wazi na nusu rangi, inabaki laini.

Kuna gharama moja ndogo. Katika GIMP ya miaka ya 1990, ukishaandika neno lilikuwa picha tayari. Ukikosea tahajia, unafuta na kuanza upya. Toleo la 2.0 la Machi 2004 lilileta maandishi unayoweza kuyarudia na kuyasahihisha. Lakini ukiyamwagia mteremko moja kwa moja, kisha ukataka kusahihisha herufi, programu inakuonya kwamba urembo utapotea. Ndiyo maana wenye uzoefu huuweka mteremko kwenye tabaka lake peke yake, wakatumia umbo la neno kama kifuniko. Neno linabaki neno, rangi inabaki rangi. Mteja akipiga simu usiku kusema jina la mgeni rasmi limekosewa, huna haja ya kulia.

Hatua 256

Kuna jambo ambalo mchapaji wa birika hakuwa nalo: kompyuta haijui kuyeyusha. Inajua kuhesabu. Katika picha ya kawaida, nyekundu ina ngazi 256, kijani 256, bluu 256. Mteremko tunaouona kama maji ni ngazi tu, zilizobanana hadi jicho likadanganyika.

Lakini jicho halidanganyiki kila mara. Tuseme unataka mteremko mpana wa pikseli 1920, kutoka bluu nzito hadi bluu nzito kidogo tu kuliko hiyo, tofauti ya ngazi 20. Gawanya. Kila ngazi itachukua pikseli 96, na badala ya anga ya usiku utapata ngazi za gorofa. Wanaojua huita kasoro hiyo mikanda, na ukishaiona mara moja hutaacha kuiona.

Miaka ya 1990 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa picha nyingi za mtandao zilikuwa za aina ya GIF, na GIF inaruhusu rangi 256 kwa picha nzima. Herufi za upinde wa mvua zilitoka na vidoa kama ndizi mbivu. Juu ya hilo, mwishoni mwa 1994 kampuni ya Unisys ilitangaza kwamba njia ya kubana data iliyomo ndani ya GIF ina hataza yake, na watengenezaji wa programu walipe. Mlinzi mwingine langoni. Jibu halikutoka mahakamani. Kundi la watu mtandaoni lilibuni aina mpya ya picha, PNG, iliyokamilika mwaka 1996: rangi milioni 16, uwazi wa viwango 256, na hakuna wa kulipwa. Kila unapohifadhi neno lenye mteremko bila mandhari ya nyuma ili ulibandike kwenye bango lingine, unatumia matunda ya ugomvi huo. Hataza ya Marekani iliisha mwaka 2003. PNG bado ipo.

Kulikuwa na kasoro ya pili, ngumu kuieleza lakini rahisi kuiona. Teremsha kutoka nyekundu kali hadi kijani kikali. Katikati unatarajia manjano. Kwa hesabu ya zamani unapata rangi ya matope, kwa sababu nambari za kwenye faili hazilingani moja kwa moja na kiasi cha mwanga. Nusu ya 255 ni takriban 128, lakini nambari 128 kwenye skrini haitoi nusu ya mwanga. Inatoa kidogo sana kuliko hapo. Ukitaka nusu halisi ya mwanga unahitaji takriban 188. Ili programu ihesabu kwa mwanga badala ya nambari za faili, moyo wake ulibidi ubadilishwe.

Kazi ya kuubadilisha moyo huo, iliyopewa jina GEGL, ilianza mwaka 2000. Mbegu yake ilitoka kwa watu wa Hollywood: waandishi wa programu katika studio ya Rhythm & Hues ya Los Angeles walikuwa wametengeneza tawi la GIMP kwa ajili ya filamu, kwa vile ngazi 256 hazikutosha kwenye skrini ya sinema. Kimball na Mattis walikuwa wameshamaliza chuo na kwenda kutafuta riziki. Waliobaki walikuwa watu kama Michael Natterer, Sven Neumann, na baadaye Øyvind Kolås wa Norwe aliyeibeba GEGL mgongoni. GIMP 2.10, toleo la kwanza lililohamia kwenye moyo huo mpya kikamilifu, lilitoka tarehe 27 Aprili 2018. Hesabu mwenyewe: miaka 18. Mtoto aliyezaliwa kazi ilipoanza alikuwa anachukua kitambulisho. Katika toleo hilo mteremko ulipata hesabu ya mwanga halisi, na unaweza kuvuta rangi zake papo hapo juu ya picha. Toleo la 3.0 lilifuata Machi 2025.

Bure kabisa

Sasa tuzungumzie neno lililotukosesha haya yote. Waingereza wana neno moja kwa vitu viwili, na wanaharakati wa programu za aina hii wametumia miongo mingi wakieleza kwamba hawamaanishi bei, wanamaanisha uhuru. Kiswahili hakina shida hiyo. Tuna *bure*, tuna *huru*. Ajabu ni kwamba sisi wenye maneno mawili tulichagua kutumia moja.

Na tulichagua lile baya. *Bure* yetu ina mkia: cha bure ni kisicholipiwa, lakini kazi bure ni kazi isiyo na faida, na mtu akiambiwa ni bure kabisa, ametukanwa. Kwa hiyo kijana wa dizaini akisema anatumia GIMP, wenzake wanamwangalia kama mtu aliyekuja harusini na ndala. Wao wana Photoshop. Ukiuliza waliinunua wapi, kimya. Waliipata kwa fleshi ya mtu, imevunjwa kufuli, na pengine virusi viwili vimekuja nayo.

Photoshop ya kufuli iliyovunjwa ni bure, lakini haina uhuru wowote. Upo ndani ya nyumba ya mtu, umeingilia dirishani, na mwenye nyumba anabadilisha kufuli anapotaka. Alilibadilisha mwaka 2013, Adobe ilipotangaza kwamba matoleo yake mapya yatalipiwa kwa usajili, mwezi baada ya mwezi. GIMP inakuja na leseni ya GNU, na leseni hiyo inakupa mambo manne: itumie kwa kazi yoyote, hata ya pesa, ifungue uone inavyofanya kazi na uibadilishe, igawe, igawe hata ikiwa umeibadilisha. Sharti ni kwamba ukiigawa, usimnyime unayempa haki hizohizo. Yaani usijenge lango jipya mahali ulipoingia bila kizuizi.

Tusiwe wapambe pia. Kwa miaka mingi GIMP haikuweza kufanya kazi moja kwa moja katika rangi nne za wachapaji, na mpiga chapa wa River Road hana muda wa hotuba kuhusu uhuru. Anataka faili inayotoka sawa. Ule waridi unaowaka kwenye skrini, ukifika kwenye karatasi unanyauka, kwa kuwa wino hauwezi kung'aa kama mwanga, na programu isiyokuonya mapema inakula pesa za mteja. Waliolipia Photoshop kwa kazi hiyo walikuwa na sababu.

Na mitindo nayo ina vituko vyake. Karibu 2013, simu za Apple zilipofuta vivuli na mng'ao, mteremko ndani ya herufi ukawa ushamba: mambo ya kadi za harusi na programu za mazishi. Miaka mitatu baadaye, Mei 2016, Instagram ikabadilisha nembo yake kuwa manjano inayoteremka hadi waridi na zambarau, na ghafla mteremko ukawa wa kisasa tena. Yule jamaa wa saiba aliyekuwa akiandika majina ya marehemu kwa rangi ya machweo hakubadilisha chochote. Dunia ilizunguka ikamkuta palepale.

Kati ya miteremko iliyokuja na GIMP kwa miaka mingi kuna bendera: ya Ufaransa, ya Ujerumani, ya Romania, ya Mexico. Kila moja ina toleo la rangi zilizokatika na toleo la rangi zinazoyeyukiana. Ya Kenya haimo. Hakuna aliyeikataa. Hakuna aliyeiandika. Rangi zetu ni nyeusi, nyeupe, nyekundu, nyeupe tena, na kijani: vipande vitano, mistari mitano ya nambari, pamoja na mitatu ya juu. Faili yake itakuwa nyepesi kuliko stika ya WhatsApp. Ukiimaliza, iweke kwenye folda ya miteremko, andika jina la mtaa wako kwa herufi nene, vuta kutoka juu hadi chini. Kisha mtumie jirani faili yenyewe, si picha tu, ili naye aweze kuibadilisha.